Kupiga mbizi Pemba: tunaotoka Nairobi tupange safari kwa kufuata mwezi na maji

Kolekole_Buruburu

Wadau, salamu. Tuko watu watano hapa Nairobi, sote tuna vyeti vya kupiga mbizi na mtungi, na mwakani 2027 tunataka kwenda Pemba. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila ninayemuuliza huanza na bei ya tikiti na hoteli. Hayo yana wakati wake. Jambo la kwanza Pemba ni maji yanayotembea. Asiyelifikiria mapema atalipa pesa nyingi akaishie kukaa botini, akingoja mkondo upungue, au atashuka nao bila kujiandaa.

Nitaeleza ninavyoelewa, anayejua zaidi aongeze. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi unaotoka mashariki hugonga pwani karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Tawi lake moja hukata kaskazini, likapita Mafia, Unguja na Pemba mpaka huku kwetu Kenya, na mwaka mzima halibadili njia likiwa pale Pemba. Wakati wa kusi upepo hulisukuma kwa nyuma likaongeza kasi. Wakati wa kaskazi upepo hulikabili usoni, likapungua. Juu ya hilo kuna maji kujaa na kupwa, mara mbili kila siku, na siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hukaribia mita nne. Kisha kuna umbo la kisiwa chenyewe. Upande wa magharibi kuna visiwa vidogo vilivyopangana, na kati yake milango kama ule wa Njao na ule wa Fundo. Ukitoka nje ya milango hiyo ukuta wa mwamba unadidimia, na bahari iliyoko kati ya Pemba na bara ina kina cha zaidi ya mita 800. Maji yote yaliyoingia kwenye ghuba na mikoko hayana pa kutokea ila milango hiyohiyo.

Mkondo huo ndio unaotupeleka huko. Unaleta chakula, na chakula kinaleta samaki: makundi ya kolekole, jodari wanaopita kwa kasi, chewa wakubwa waliojibanza kwenye nyufa, kasa. Ukuta wa Pemba maji yakiwa safi unauona mita 30 na zaidi mbele yako. Sitaki mtu asome hapa akaogopa kwenda. Nataka aende siku inayofaa.

Pendekezo langu ni tarehe 12 mpaka 20 Februari 2027. Mwezi mpya ni tarehe 6, robo ya kwanza ni tarehe 14, kwa hiyo maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, yataangukia kama tarehe 15 na 16, katikati ya safari. Kaskazi imetulia wakati huo na maji yana joto. Mnaonaje?

Otis_Umoja

Kaka, naona unaifanya safari kuwa mtihani wa hesabu. Nimepiga mbizi Diani na Watamu, mkondo ukija unakubeba tu, boti inakufuata, unapanda. Hiyo ndiyo raha yake. Tafuta ofa ya ndege, lipa, nenda. Wenyeji wa huko wanajua maji yao, watakuongoza.

BintiWasini

Kaka Otis, pole, hapo sikuungi mkono. Mimi nimezaliwa Wasini, naishi Nairobi kwa kazi tu. Kwetu hata mvuvi aliyekaa baharini miaka arobaini hatoki kabla ya kutazama mwezi. Wenyeji wanajua maji yao, ni kweli, na ndiyo maana watakukatalia ukifika siku mbaya. Utakasirika kwa kuwa umelipa, nao wako sahihi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pwani yetu yote, kuanzia Lamu mpaka Mafia, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi kama saa nne au saa tano ndipo maji yanapojaa na kusimama. Hiyo ndiyo saa ambayo boti za wapiga mbizi hutoka! Kwa hiyo mtu akienda maji mafu anapata mkondo mdogo, maji yamesimama saa nzuri, jua liko juu, na maji yaliyomo mlangoni ni yale safi yaliyoingia kutoka baharini. Akienda bamvua saa ileile, anakuta maji yametoka kwenye mikoko, yana tope, na yamekimbia asubuhi nzima. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50, basi ukijua ya leo unaijua ya keshokutwa.

Tena maji hayakimbii sawasawa kwa zile saa sita. Saa ya kwanza huenda polepole, ya tatu na ya nne ndizo kali, karibu nusu ya maji yote hupita ndani ya saa hizo mbili, halafu hupoa tena. Nahodha akisema "tungoje kidogo" anangojea hilo.

Jambo la pili, kaka Kolekole. Umetazama mwezi wa angani ila hukutazama mwezi wa Ramadhani. Mwakani Ramadhani inaanza kama tarehe 8 Februari. Pemba karibu watu wote ni Waislamu. Nahodha na vijana wa boti watakuwa wamefunga, juani, hawanywi maji, wanabeba mitungi yenu. Watafanya kazi, hawatawaambia kitu. Lakini mimi nisingetaka macho yanayotafuta mapovu yangu yawe ya mtu mwenye kiu tangu alfajiri, na nisingemwekea hali hiyo kwa likizo yangu. Idi itakuwa tarehe 9 au 10 Machi kulingana na kuandama kwa mwezi. Sogezeni baada ya hapo.

Kolekole_Buruburu

Dada Wasini, asante sana. Hilo la Ramadhani linabadilisha tarehe zote, na nakubaliana nawe kabisa. Nimeshika kalenda: robo ya kwanza ya mwezi unaofuata ni Jumatatu tarehe 15 Machi, maji mafu tarehe 16 na 17. Mwezi mpevu ni tarehe 22, na bamvua za karibu na siku ambayo usiku na mchana hulingana ndizo kubwa kuliko nyingi za mwaka, kwa hiyo tutataka tuwe tumeshaondoka. Tutakuwa mwishoni mwa kaskazi, kabla ya masika kushika. Naweka Jumamosi tarehe 13 mpaka Jumapili tarehe 21.

Otis, kuhusu kubebwa: mkondo wa noti moja (kipimo cha mwendo wa baharini) ni karibu kilomita mbili kwa saa, na mtu mwenye mtungi mgongoni hawezi kushindana nao kwa muda mrefu. Ukiwa wa noti mbili, nguvu yake mwilini haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Na ukiibuka boti isikuone, kwa nusu saa utakuwa umeshasogea karibu kilomita mbili kuelekea kaskazini, kichwa chako kikiwa kitu kidogo kati ya mawimbi.

BintiWasini

Niongeze hapo neno moja tu. Meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilijaza watu kupita kiasi, hiyo ndiyo sababu ya msiba. Lakini wapiga mbizi walioletwa kutoka Afrika Kusini kuitafuta walishindwa kuifikia kwa ajili ya kina na mkondo. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo. Mungu awarehemu waliokwenda. Watu wa bahari hii hawaidharau, wala wageni wasiidharau.

Otis_Umoja

Nimekuelewa dada. Siwezi kubishana na hilo. Basi niambieni, mtu akishachagua tarehe vizuri, kinachobaki ni nini?

FundiMitungi

Kinachobaki ni mazoezi na vifaa, na yote mawili huanzia Nairobi.

Boya la kujaza hewa, lile refu la rangi ya machungwa, kila mtu awe na lake. Lisiwe moja la kiongozi. Mkitengana chini, kila mmoja ataibuka peke yake, na asiye na boya ndiye atakayetafutwa mpaka jioni. Kulirusha kutoka mita 5 bila kuvutwa juu nalo, bila kamba kukuzunguka mguu, ni ufundi wa mikono. Ingia bwawani hapa Nairobi ulifanye mpaka mikono ifanye yenyewe. Ongeza filimbi na kioo kidogo cha kumulikia jua. Ni vitu vya bei rahisi, na ndege inayotafuta mtu huona mmweko wa kioo kutoka mbali.

Kulabu ya mwamba, ile ya kujishikizia mkondoni, wengi wameiona kwenye video za Palau, visiwa vya Pasifiki, wanataka kuwa nayo. Kwa Pemba sioni sababu ya kuibeba. Ukuta wa matumbawe hai si mahali pa kutia chuma, na mtu asiyeizoea ikimnasa kwenye mkondo mkali anaweza kushindwa kuitoa. Huku unakwenda na maji. Ukitaka kupumzika jifiche nyuma ya jabali, maji hupoa hapo.

Uzito wa risasi kiunoni: bwawani ni maji baridi yasiyo na chumvi. Baharini utaelea zaidi, ongeza kama kilo mbili juu ya ulizozoea bwawani, halafu upime siku ya kwanza. Mwepesi mno hawezi kushuka haraka, na kwenye mkondo mnapaswa kushuka wote pamoja, jaketi zenu za kuelea zikiwa hazina hewa tangu mnaruka. Akichelewa mmoja juu kwa dakika mbili, chini mmeshaachana.

Ndege ndogo za kwenda Pemba huruhusu kama kilo 15 kwa mtu, mfuko laini. Beba miwani yako, regyuleta (kifaa cha kupumulia), kompyuta ya kuzamia, boya. Mapezi na jaketi kodini huko.

Jodari77

Fundi amesema vizuri. Ila mmesahau mkondo wa kwenda chini. Kwenye ukuta, maji yakigonga kona huweza kugeuka yakakuvuta kilindini. Dalili unaziona: samaki wamelenga pua juu badala ya upande, mapovu yako hayapandi, masikio yanauma ghafla ilhali hujashuka kwa hiari. Usipige mapezi kwenda juu kwa nguvu zote, utamaliza hewa. Toka kwa upande, uuache ukuta uelekee bluu, kwa kuwa mvuto huo huwa mwembamba. Kama uko karibu sana na mwamba, shika jiwe lisilo na uhai na upande kwa mikono. Ukitia hewa kwenye jaketi ili kujizuia, mkono ubaki kwenye kitufe cha kutolea, maana ukitoka kwenye mvuto huo hewa ileile itakurusha juu. Samaki daima hutazama mkondo unakotoka, kwa hiyo kabla ya kuruka na mara tu ukifika chini, watazame wao kwanza.

Wambo_Kasarani

Samahani wakubwa zangu. Mimi ni mmoja wa hao watano wa Kolekole. Nimepata cheti cha kwanza mwaka huu, mwisho wangu ni mita 18, na kusoma haya kumenifanya niulize kama nijitoe. Pili, mimi ni mwalimu. Machi iko katikati ya muhula. Nimeomba ruhusa ila sina hakika.

BintiWasini

Usijitoe, mdogo wangu. Umeuliza swali la mtu mwenye akili. Ila usiende Pemba kuwa mkondo wako wa kwanza. Shuka Shimoni mapema, kabla ya Ramadhani, upige mbizi Kisite. Pale kati ya Wasini na bara maji hukimbia pia, kwa hiyo utajifunza kuyasoma, na kwenye miamba ya hifadhi kina ni kidogo. Muombe kiongozi akupeleke siku ya maji mafu, halafu siku nyingine maji yakianza kutembea kidogo, ukiwa naye ubavuni. Ukirudi Nairobi utajua mwenyewe kama uko tayari.

Na Pemba kwenyewe siku ya kwanza muanze Misali. Kisiwa hicho kiko upande uliokingwa, mwamba unaanzia juu, huhitaji kwenda kilindini kuona uzuri. Milango ya Njao na Fundo ije baadaye, nahodha akishawaona mnavyokaa majini.

Ukikosa ruhusa ya Machi, likizo ya Aprili iache: masika, mito inamwaga tope. Agosti ni kusi, mkondo umepata nguvu na upande wa mashariki wa kisiwa haukaribiki. Novemba na mwanzo wa Disemba ndiyo tangambili, kusi imekufa na kaskazi haijashika. Bahari hulala kama mafuta. Mwalimu yuko likizo. Kwa maoni yangu ni wakati mzuri hata kuliko Machi.

Kolekole_Buruburu

Wambo, hatukuachi. Tukikosa Machi tutahama sote mpaka Novemba. Mita 18 si aibu. Kikundi kinapiga mbizi kwa kipimo cha mwenye cheti kidogo, na hilo tuliliafiki tangu mwanzo.

Daktari_SouthB

Nimesoma uzi wote nikingoja mtu aguse kurudi nyumbani. Hakuna aliyegusa, na kwa mtu wa Nairobi hilo ni zito kama mkondo.

Ukipumua hewa ya mtungi chini ya maji, naitrojeni huyeyuka mwilini. Ukipanda polepole inatoka kwa mapafu. Ukienda mahali penye hewa nyepesi kabla haijatoka yote, hugeuka mapovu kwenye damu na viungo. Ndiyo maana wapiga mbizi hukatazwa kupanda ndege mapema: angalau saa 12 baada ya mbizi moja, angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Miongozo hiyo ya DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, iliandikwa kwa hewa ya ndani ya ndege iliyo sawa na mwinuko wa mita 600 hadi 2,400.

Sasa tazameni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Limuru ni zaidi ya 2,000. Yaani jiji letu lenyewe liko ndani ya kipimo kile cha ndege. Mtu anapiga mbizi Diani Jumapili asubuhi, anasema "sipandi ndege, napanda treni", na usiku ule yuko njiani kwenda Syokimau. Mwili haujui kwamba ni treni. Mpaka Voi uko kama mita 600 tu, na hizo saa za mwanzo zinasaidia kidogo, lakini baada ya hapo ni kupanda tu mpaka unapofika. Basi la usiku ni hivyohivyo. Hesabu saa zile 18 kwa treni na gari kama unavyozihesabu kwa ndege.

Kwa ratiba yenu: mbizi ya mwisho Ijumaa tarehe 19 asubuhi. Jumamosi msiguse mtungi, zungukeni Chake Chake, kaleni urojo, msinywe pombe, mnywe maji kwa wingi. Jumapili ndege. Hata ile ndege ndogo ya kutoka Pemba kwenda Unguja ni ndege, isisahaulike.

Kabla ya kulipa, ulizeni mambo matatu kwa simu, na mjibiwe wazi. Botini kuna mtungi wa oksijeni uliojaa na mtu anayejua kuutumia? Chumba cha mgandamizo, kile cha kutibu mapovu hayo, cha karibu kinachofanya kazi wiki hiyo kiko wapi, na mtu hufikishwaje huko bila kupandishwa juu? Na boti ni ngapi: ikiharibika injini, nani anakuja? Mahali wanaposita kujibu, tafuteni kwingine. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi kupiga mbizi, kwa hiyo chukueni ya wapiga mbizi.

Na mtu akirudi Nairobi akawa na maumivu ya bega au goti yasiyo na sababu, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, asijitibu kwa dawa ya maumivu akalala. Aende hospitali, aseme mwanzo kabisa kwamba alikuwa akipiga mbizi na lini alitoka majini, aombe oksijeni. Madaktari wengi wa huku bara hawatauliza, kwa sababu hawaoni wagonjwa hao kila siku.

Otis_Umoja

Daktari, hilo la treni sijawahi kuambiwa na mtu yeyote, na kila mwezi kuna watu wa Nairobi wanarudi hivyo kutoka Diani. Lingebandikwa kwenye kila kituo cha kupiga mbizi pwani.

Daktari_SouthB

Wengi hufika salama kwa kuwa walipiga mbizi fupi, kina kidogo. Mnaokwenda Pemba mtakuwa na siku sita mfululizo ukutani. Si hesabu moja.

Kolekole_Buruburu

Nimeandika upya ratiba kutokana na haya. Jumamosi 13 tunaruka Nairobi kwenda Unguja kisha Pemba. Wakenya hatuhitaji viza, ila kila mtu aje na kadi yake ya manjano ya chanjo, Zanzibar wanaiuliza. Jumapili 14 Misali, kina kidogo, kupima risasi na kurusha maboya mbele ya nahodha. Jumatatu Misali tena au karibu nayo. Jumanne na Jumatano, maji mafu kabisa, ndizo siku za milango, tukiruka maji yanapokaribia kusimama. Alhamisi ukuta wa nje kama nahodha ataridhia. Ijumaa mbizi moja fupi asubuhi. Jumamosi hakuna mbizi. Jumapili nyumbani.

Neno la nahodha ndilo la mwisho kila asubuhi, na tumekubaliana kwamba mmoja wetu akisema "leo sishuki" haulizwi sababu.

Otis, nafasi moja ya sita ipo. Mazoezi ya boya ni kila Jumamosi saa mbili asubuhi, nitakutumia jina la bwawa kwenye ujumbe wa faragha.

Otis_Umoja

Nitumie. Na nani anauza boya zuri hapa mjini?

FundiMitungi

Usinunue bado. Njoo Jumamosi ujaribu langu, lina vali ya kutolea hewa na kamba ya mita 15. Ukiona linakufaa ndipo utafute la aina hiyo. Zile fupi zisizofika hata mita moja juu ya maji, achana nazo. Kwenye mawimbi ya Pemba boti haitaziona.